Zuhura, Usiitie Posta Makala Bado

Zuhura mwanangu,

Katika Usangu nzima, kuanzia Igawa mpaka huko mto unakopotelea majanini, hakuna mtu aliyezaliwa na bahati kama baba yako. Miaka kumi na miwili nimenunua mpunga ukiwa bado kijani shambani, na sikupata hasara hata msimu mmoja. Wenzangu walinunua, mvua ikawakimbia. Walinunua, ndege wakashuka wakamaliza. Mimi nikinunua, hata viboko walikuwa wanakwenda kulala shamba la jirani. Watu walikuwa wanakuja kunigusa bega kabla ya kwenda kupanda, wapate na wao. Mama yako atakwambia walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ananitoa mdudu. Usimsikilize.

Umekwenda Rujewa kuaga wenzako kabla ya safari yako ya nje ya nchi, na mimi nimekaa hapa barazani naandika nyuma ya karatasi zako ulizoharibu kwenye taipureta. Habari za sweta, za dawa ya malaria, za kutonunua nyanya Ilula kwa kupitia dirisha la basi, mama yako ameshakwambia mara tatu, na ya nne atakwambia kesho stendi. Mimi nina jambo jingine. Jana nilianza kuliandika nikachana. Leo asubuhi nikaanza tena, wakaja kuniita kwamba mkanda wa mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga, ninayoiendesha sasa, umekatika, na badala ya kukasirika nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa mwalimu ni mgonjwa. Nimekwenda, nimeutazama, nimerudi. Sasa nimekaa. Nasema kabla sijasimama tena: makala yako, ile iliyo ndani ya bahasha ya khaki juu ya kabati, ile unayokwenda kuitia posta Iringa ifike kwa mhariri wa jarida la Khartoum, ina uongo ndani yake. Uongo ni wangu.

Nimesimama. Nimekunywa maji. Nimekaa tena.

Unakumbuka mwaka juzi ulivyokuja likizo kutoka chuo kikuu na lile daftari la jalada jeusi. Ukaniambia unatafiti biashara ya kununua mpunga kabla ya mavuno. Nikakuuliza, "Hiyo nayo ni elimu?" Ukanieleza kwa utaratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi, kwamba kuna mkataba katika fiqhi, sheria ya dini, unaitwa salam. Mnunuzi anatoa bei yote leo, mkulima anatoa mazao baadaye, lakini lazima kipimo kijulikane, aina ijulikane, siku ijulikane, na pasiwe na nyongeza ya kuchelewa, kwa sababu hiyo nyongeza ni riba. Ukasema wasomi wa uchumi wa Kiislamu huko mbali wanaandika juu ya mkataba huu kama kitu cha kale kilichofukuliwa, na wewe unataka kuwaonyesha kwamba hapa Ubaruku watu wasiojua hata jina lake walikuwa wanaufanya. Halafu ukanitazama. Tangu uzaliwe ulikuwa unanitazama kama baba. Siku ile ulinitazama kama kitabu.

"Baba, bei ulikuwa unatoa yote siku ile ile?"

"Yote. Mkononi."

"Kwa kipimo gani?"

"Debe la kawaida. Kila mtu analijua."

"Na mavuno yakikosekana?"

"Nasubiri msimu ujao."

"Bila kuongeza kitu?"

"Niongeze nini, Zuhura? Mimi Mwislamu au mimi mganga wa kienyeji?"

Ulicheka, ukaandika. Nilipoona kalamu inakimbia nikazidi kuilisha. Nikakupa habari za Mama Tusekile, yule Mnyakyusa aliyeolewa huku, mwaka ambao ndege walimmalizia shamba. Nikasema nilimwendea nikamwambia, mama, pumzika, magunia yangu manne yatangoja. Nikasema alilia kwa furaha. Hapo hata mimi nilikaribia kulia. Ndivyo nilivyo, nikisimulia vizuri naamini wa kwanza.

Tabia hii si ya juzi. Ujana wangu nilikwenda Kitwe, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, wewe unajua hadithi zangu za Kitwe kuliko unavyojua aya. Nilirudi na sanduku la bati, kofia ya pama, na habari kwamba nilikuwa nalipua miamba chini ya ardhi. Babu yako akawaita majirani waje wasikie. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa jikoni, kambini, namenya viazi vya wachimbaji. Chini ya ardhi niliingia mara moja, nikatapikia viatu vya msimamizi. Lakini babu yako akawa kila akija mgeni ananiambia, "Hebu mweleze ulivyopasua mlima." Mara ya kwanza ningeweza kurekebisha. Mara ya pili ingekuwa aibu. Baada ya hapo hadithi ikawa ya kwake, siyo yangu tena. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, watu wanakuja kumwangalia, bado ananyanyua kidole: "Huyu ndiye aliyepasua mlima." Mimi nimemshika mguu, nimenyamaza. Nilimzika baba ambaye alikuwa anajivunia mtu mwingine, na mtu huyo mwingine alikuwa amevaa kofia yangu.

Sitaki na wewe upande ndege ukiwa na baba asiye mimi.

Sasa sikiliza jambo la pili, ambalo ni baya zaidi, na ndilo lililoninyima utulivu wiki hizi mpaka mama yako akauliza kama nina minyoo. Mhariri alipokuandikia kwamba makala imekubaliwa lakini msomaji wao mmoja ana swali, wewe ulinisomea swali lenyewe tukiwa hapa hapa barazani. Msomaji huyo, ambaye hata jina lake hawakukupa, alisema kazi ni nzuri, mifano ni mipya, ila je, mwandishi amewahoji waliouza mpunga, au amewahoji walionunua tu? Mtu yuko Khartoum, hajawahi kuona tope la Ubaruku, na ameniona mimi nimejificha nyuma ya mlango.

Wewe ukanigeukia. "Baba, wale wakulima tunaweza kuwapata? Hata Mama Tusekile peke yake?"

Nikasema, "Hao walitawanyika wakati wa kuhamia vijijini. Mama Tusekile nasikia yuko Chunya. Nani atamtafuta Chunya?"

Ukaniamini. Kwa nini usiniamini? Tangu darasa la tano ulikuwa Ipogolo kwa mama yako mdogo, ukisoma Iringa, huku ukija likizo tu. Nani anakaa wapi, nani ameolewa na nani, macho yako yalikuwa ni mimi. Ukamwandikia mhariri kwa heshima zote kwamba wauzaji wametawanyika na hawapatikani. Umeliweka hilo kwenye tanbihi. Mwanangu, Mama Tusekile anakaa ng'ambo ya mto, kijiji kipya, mwendo wa saa moja kwa miguu kwa mtu asiyekuwa na haraka.

Na wale watu kumi na mmoja wengine uliowahoji, niliokupeleka kwao mimi? Wote walikuwa wanunuzi. Wote rafiki zangu. Kila jioni kabla hujaenda kwa mmoja wao nilikuwa nimeshapita kumsalimia. Sikuwafundisha la kusema, haki ya Mungu. Niliwaambia tu kwamba binti yangu ni mtoto wa dini, asisikie maneno ya ovyo. Ilitosha.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshapanga kunyamaza. Lakini wiki iliyopita ukaniomba tuisome pamoja mara ya mwisho kabla ya kuifunga. Ulinipa nakala yako ya mkono niisome kwa sauti, wewe ukafuatisha ile ya taipureta na kalamu nyekundu. Kiingereza changu unakijua, ni cha jikoni, najua majina ya vyakula na matusi mawili. Lakini nilisoma! Nilisoma kama nilivyosoma juzuu chuoni nikiwa mdogo, kwa sauti nzuri na bila kujua ninachosema, na kila penye mkato nikasema "mkato", kila penye nukta nikasema "nukta", kama ulivyoniagiza. Mama yako alikuwa hapo pembeni anapepeta mchele. Akasema, "Baba Zuhura leo amekuwa redio." Nikanyoosha shingo.

Nikafika ukurasa wa kumi na nne, nikakutana na neno ninalolijua. Ubaruku. Mstari wa chini yake, Tusekile. Nikasimama.

"Hapa panasemaje?"

Ukanitafsiria, hata hukuinua macho kwenye karatasi, kwa sababu kwako ilikuwa kazi. Ukasema: mnunuzi mmoja mzee wa Ubaruku, msimu mazao yalipoharibika, alimngoja muuzaji mjane, Mama Tusekile, mpaka msimu uliofuata bila kuongeza hata debe moja, na hii inaonyesha kwamba katazo la riba lilikuwa limekaa moyoni mwa watu kabla halijafika vitabuni. Ukasema hiyo ndiyo nguzo ya makala. Mhariri mwenyewe aliipigia mstari.

Ungo wa mama yako ukanyamaza. Alikuwepo mwaka ule. Anajua. Aliniangalia kidogo, akasema "Hm", akainuka na ungo wake akaingia ndani. Wewe ukasema, "Baba, endelea." Nikaendelea. Mkato. Nukta. Mkato.

Baadaye nikamkuta jikoni. Nikamwambia, mama Zuhura, mtoto asafiri kwa amani. Akanijibu bila kunigeukia: "Mimi sisemi. Kinywa chako ndicho kilichosema, kitasema tena." Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka. Wewe ulidhani ana huzuni ya safari yako. Anayo hiyo pia.

Na mimi, kwa akili zangu hizi za darasa la nne, nikafanya nini? Nikaenda mashineni kujisifu. Niliwaambia watu nimeandikwa kwenye kitabu kinachokwenda nchi za Waarabu. Nadhani nilitaka kulisema kwa nguvu mpaka likubali kuwa kweli. Juzi mchana nipo katika kusema hivyo, mashine inaunguruma, watu wamekaa juu ya magunia yao, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Kamwene, Baba Zuhura. Nasikia umeandikwa kitabuni."

Mashine ya kijijini kwao haina dizeli. Ndiyo maana alivuka na mpunga wake kuja kwetu. Amekonda, ila sauti ni ile ile.

"Kamwene, Mama Tusekile. Ndiyo, binti yangu kaandika."

"Vizuri. Na yale magunia saba kayaandika?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mtu mmoja akauliza, "Saba ya nini?" Mama Tusekile akasema, "Muulizeni mwenye kitabu," akaketi kungoja zamu yake. Mpunga wake niliukoboa mimi mwenyewe, nikamwaga nusu kibaba chini, akainama akaokota punje zote.

Haya, sasa andika, au soma kwanza halafu utaandika. Bei sikutoa yote. Nilitoa nusu kwa fedha, nusu kwa kanga na sukari, na bei ya kanga na sukari niliipanga mimi. Debe lilikuwa langu. Kitako chake nilikuwa nimekigonga kwa nyundo kikatokeza nje, na juu nilikuwa najaza mpaka rundo liwe kilemba, huku natania wakulima wasitazame mkono. Nilikuwa mcheshi sana wakati wa kupima, Zuhura. Wote walisema hakuna mnunuzi mcheshi kama yule. Na mwaka wa ndege, nilimwendea kweli Mama Tusekile. Hilo sikukudanganya. Mumewe alikuwa hana miezi mitatu kaburini. Nilimwambia pumzika, mama, magunia yangu manne yatangoja, ila yakingoja yatakuwa saba. Alilia kweli. Mengine yote kuhusu kilio hicho nimeyatunga mimi. Alitia dole gumba kwenye karatasi niliyoandika kwa mkono wangu, na msimu uliofuata akatoa saba, pamoja na mpunga wake wa mbegu.

Jina la jambo hilo ulinifundisha mwenyewe, na kabla hujanifundisha nilikuwa nalijua.

Jana nilivuka mto. Nikajidanganya tena kidogo, nikabeba kalamu na karatasi, nikasema nitamwomba aseme, mimi niandike, nikukabidhi, wewe utapachika mahali pake na safari haitacheleweshwa. Nikamkuta anaanua mpunga.

"Umeleta debe?"

"Sikuleta debe."

"Basi kaa."

Nikamweleza yote, na la Chunya. Kwenye Chunya akatabasamu. "Chunya sijafika," akasema, "ningependa kupaona." Kisha nikatoa kalamu. Akaitazama.

"Wewe ndiye uandike?"

"Niandike, Mama Tusekile, nimpelekee."

"Mwaka ule pia uliandika wewe." Akaendelea kukusanya mpunga. "Wakati ule nilikuwa sijui a wala be. Sasa nimesoma kisomo cha watu wazima. Mlete mwanao. Aandike mbele yangu, anisomee kwa Kiswahili, nikikubali nitaweka jina langu, siyo dole. Na asije na wewe."

Nikamwambia nataka nimwombe msamaha. Akasema, "Hilo ni lingine. Usilichanganye na habari za mwanao." Nikamtajia kumrudishia yale magunia matatu ya nyongeza. Akasema hilo nalo ni lingine, tutaliongea mtoto akishaondoka. Nikavuka mto kurudi. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi sana na nimerudi nayo yote.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nafasi yako kwenye basi la kesho ipo, sijaifuta. Ukipanda utafika Ipogolo, utakaa zile siku tano na mama yako mdogo kama ulivyomwahidi, utapita posta, utamrudishia mjomba wako wa Ilula taipureta ya usharika, na makala itachapwa. Hakuna atakayejua. Mama Tusekile hasomi Kiingereza, na rafiki zangu wamezeeka. Nimeliwaza hili kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwaza jambo lolote, na kila upande niliougeuza nilikuta hakuna atakayejua. Sasa unajua wewe. Nimekuharibia njia hiyo makusudi.

Ukibaki siku mbili, ndege bado utaiwahi. Taipureta bado iko hapa. Mjomba wako hatakasirika, ni mtu wa kanisa, kazi yake ni kusamehe. Mama yako mdogo atanuna, mwache anune. Nguzo ya makala itaanguka, najua. Pengine mhariri atasema hawaitaki tena. Pengine utaandika nyingine, juu ya mkataba mzuri ulivyokuwa unavunjwa na watu wanaojua dini yao, na hiyo sijui kama kuna jarida linaitaka. Mimi sijui mambo ya majarida. Najua kwamba yule msomaji asiye na jina aliuliza swali zuri, na wewe ulikuwa tayari kuvuka mto kulijibu, na aliyekuzuia ni mimi.

Njia ya kwenda kwake: vuka pale kwenye magogo, siyo kivukoni, fuata mfereji mpaka kwenye nyumba yenye bati jipya upande mmoja. Usiseme wewe ni binti yangu mpaka akuulize. Atakuuliza.

Ile tanbihi ya shukrani, inayosema bila baba yangu kazi hii isingewezekana, ifute. Au iache uigeuze, maana ni kweli isingewezekana, na ndilo tatizo lenyewe.

Nasikia watu njiani, pengine ni wewe unarudi. Sitakuwepo. Nitakuwa mashineni nashona mkanda, na sitasema neno mpaka uje wewe. Kwangu hiyo ni adhabu tosha. Ukija na hasira, njoo nazo. Ukipita moja kwa moja kwenda stendi kesho bila kunisalimia, nitasimama kwenye mlango wa mashine nikuone basi likipita.

Na yale ya bahati niliyoandika mwanzo, nayo ni uongo. Sikuwa na bahati hata siku moja. Hasara ilikuwepo kila msimu, mvua ilinikimbia kama wengine na ndege walikula kama kwa wengine. Niliwabebesha wakulima.